Bubu Mwenye Kamera

Kosa la kwanza la Kitinda siku ile lilikuwa kufurahi.

Alikuwa amejibanza kwenye ukuta wa benki, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mwilini koti kubwa la mifuko mingi, anawinda watu wanaosubiri. Hiyo ndiyo iliyokuwa mada ya maonyesho yake, watu wanaosubiri, na alikwisha kuwapata wa kila namna: waliosubiri lifti, waliosubiri majibu ya maabara, hata bwana harusi mmoja aliyejifunga shuka akisubiri fundi cherehani ampunguzie suruali. Ilibaki picha moja tu, ile ya kuning'inizwa katikati ya ukuta, ya kumfanya mtu asahau alikuwa anaelekea wapi. Akaielekeza lenzi ng'ambo ya barabara, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na hapo akamwona baba yake mzazi.

Mzee alikuwa amesimama ukingoni, shati limenyooka, kidevu kimeinuka kidogo, midomo imeachana kama anayetaka kusema neno. Taa ikawaka kijani, watu wakamwagika barabarani, yeye akabaki. Ikawa nyekundu, wakaja wengine wakamzunguka. Ikarudi kijani, nao wakaenda, na mzee ni yuleyule, palepale. Wenzake wote waliinamia simu zao, yeye peke yake ndiye aliyeinua uso. Kitinda akabofya, akabofya tena, na moyo ukamcheka. Picha ya katikati ya ukuta imepatikana, na aliyemo ni wa damu yake. Siku ikitaka kukunyookea hainaga hodi.

Kitinda si jina la kwenye cheti. Alikuwa kitindamimba wa nyumba yao, wa mwisho baada ya kaka wawili, na hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwita vingine. Baba naye alikuwa na lake la kazini. Alifanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji hadi akastaafu, na wenzake walimwita Mzee Nukta, kwa kuwa kitabu kizima kingeweza kusimamishwa mitamboni kwa ajili ya nukta moja iliyokimbia. Kila kilichoandikwa, kuanzia kibandiko cha dawa hadi tangazo la msiba, alikisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Baina yao wawili palikuwa na ubaridi. Kitinda alipoacha kiti chake cha ofisi ya bima akashika kamera, baba hakugomba. Alisema tu, "Sawa. Lakini usipige watu picha kama mwizi," basi. Wengine walidhani ni baraka. Ila alipofanya maonyesho yake ya kwanza, mzee alikuja na tai shingoni, akasimama mbele ya kila picha kwa heshima zake zote, akaondoka bila kusema hata hii ni mbaya. Na alipomletea nyumbani picha moja kubwa iliyochapishwa vizuri, baba aliishika pembeni, akaipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Karatasi nzuri." Karatasi nzuri, jamani. Kitinda alikwenda kulia chooni, akafungulia bomba la maji ili mama asisikie. Tangu hapo mazungumzo yao yalikuwa ya shikamoo, marahaba na mvua itanyesha au haitanyesha.

Ndiyo maana alifurahi. Akajisemea, leo nitamwonyesha hapohapo, kwenye kioo cha kamera, ajione alivyo, halafu tuone kama atazungumzia karatasi. Akavuka barabara mbio mbio.

Alibakiza hatua moja tu amfikie mzee. Mlinzi wa benki alikuwa amemfuata kwa nyuma, kirungu kinampigapiga pajani.

"Wewe, umepiga picha benki. Nani kakuruhusu?"

Hapa lazima tuseme habari ya Mzee Lenzi. Huyu alikuwa mpiga picha mkongwe wa magazeti, ndiye aliyemfundisha Kitinda kazi, na somo lake la kwanza halikuwa mwanga wala kasi. Lilikuwa kunyamaza. "Mpiga picha akianza kujibizana na watu, picha imeshakufa," alikuwa akisema. "Akikuwakia mtu barabarani, funga mdomo, tabasamu, toa kadi." Kadi yenyewe kila mwanafunzi wake alikuwa nayo: Mimi ni mpiga picha. Hapa ni mahali pa umma na sheria inaniruhusu kupiga picha. Kama hukupenda, nionyeshe kwa mkono, tutaelewana. Kitinda alikuwa ameitumia kadi hiyo mara nyingi kiasi kwamba akisikia tu sauti kali nyuma yake, ulimi unalala wenyewe na mkono unaingia mfukoni.

Kwa hiyo alinyamaza. Akatabasamu. Akaonyesha kwa kidole kuwa benki haikumhusu.

"Si benki," akadakia muuza vocha, mwanamke wa makamo aliyekaa chini ya mwavuli wake hatua chache kutoka kivukoni. "Kampiga yule mzee wa watu. Nilikuwa na wateja, lakini nimemwona."

Watu wawili watatu wakasimama. Barabarani watu hawakosi nafasi ya kutazama ugomvi. Mlinzi akamgeukia mzee. "Mzee, huyu amekupiga picha. Unamjua?"

Baba akageuka. Akamtazama Kitinda, kofia, koti, kamera na yote, umbali wa mkono tu. Kitinda alikuwa tayari anacheka.

"Nani?"

"Huyu binti hapa mbele yako."

"Simjui," akasema baba.

Kitinda akapigwa na butwaa. Alisubiri mzee acheke, akamate kofia yake aivute kama alivyokuwa akifanya zamani. Mzee hakucheka. Uso ulikuwa wa adabu na wa mbali, uso ambao mtu humpa karani wa dirishani. Kusema, "Baba, ni mimi," kulikuwa kwepesi kuliko kumeza mate, na pengine mimi na wewe tungesema. Lakini mtu aliyekanwa na mzazi wake mbele za watu hana sauti ya kuokota pale chini. Mkono wake, kwa mazoea tu ya kipumbavu, ukaingia mfukoni ukatoa kadi ukampa baba yake.

Mzee akaipokea. Akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akapitisha kidole gumba juu yake polepole.

"Kadi hii ina makosa mawili ya uchapaji," akasema, akairudisha.

Watu wakacheka. Muuza vocha akauliza, "Mbona hasemi? Bubu nini?"

"Kama ni bubu mwacheni," baba akasema. "Hakujiumba." Kisha akamgeukia Kitinda, akaanza kusema taratibu na kwa sauti ya juu kidogo, kama watu wanavyofanya wakidhani aliye mbele yao ana shida. "Binti, mimi si mtu wa ugomvi. Nina mtoto wangu wa kike anafanya kazi hii hii yako. Yule hawezi kumpiga mtu picha bila kumsemesha. Nimemlea mwenyewe, namjua."

Sasa, katika nyumba yao mafumbo ndiyo yaliyokuwa lugha ya kwanza. Baba hakuwahi kumwambia mtoto umekosea. Alisema, "Kuna kijana mmoja nilimjua zamani, alikuwa hasalimii wageni," na asiyesalimia wageni akajua sahani ni yake, ale. Kitinda alikuwa amekula mafumbo ya kila aina tangu utoto. Lakini fumbo la namna hii, la kumwambia mtu uso kwa uso habari za mwanangu fulani, mbele ya mlinzi na muuza vocha, hilo halikuwahi kuletwa mezani. Masikio yakamwaka moto.

"Na nyinyi watu wa kamera mnajuana," mzee akaendelea. "Picha hii itapita mkono huu na mkono huu, mwisho itafika kwake. Sitaki aione. Nakuomba uifute."

"Kwani kusimama barabarani kuna ubaya gani, mzee?" mlinzi akauliza, naye sasa ameingiwa na udadisi.

"Ubaya hakuna. Sitaki tu aione yeye."

"Futa," mlinzi akaamrisha.

Kitinda alijua haki zake kama anavyojua vidole vyake. Mlinzi wa mlangoni hana mamlaka ya kumfutisha mtu picha, na aliyesimama mahali pa umma amesimama mahali pa umma. Hayo alikuwa amewahi kuyasimamia hata mbele ya wenye pingu. Lakini hapa hakujua anapigania nini na nani. Akabofya vitufe viwili vitatu ovyo, akamwonyesha mlinzi kioo chenye picha ya mlango wa lifti. Mlinzi, ambaye kamera kwake ilikuwa kama ndege asiyojua kuiendesha, akaitikia kwa kichwa.

"Imefutwa, mzee."

"Ahsante, binti," baba akasema. "Mungu akuongoze."

Halafu likatokea la kumaliza kabisa. Muuza vocha aliinuka kwenye kiti chake, akamshika mzee mkono juu ya kiwiko bila kuulizana, na taa ilipokuwa kijani wakavuka pamoja, wanazungumza na kucheka chini chini, watu wanaojuana siku nyingi. Kitinda akabaki ukingoni na kadi yake.

Jioni ile chumba chake kilikuwa kidogo kwa mawazo yaliyoingia humo. Kwanza aliikagua kadi. Aliisoma neno kwa neno, akaisoma kutoka mwisho kuja mwanzo kama baba alivyowafundisha, akaiweka chini ya taa. Hakuona kosa. Akaazima macho ya jirani yake, mwalimu wa shule, naye hakuona. Mzee Nukta hajawahi kusingizia kosa maishani mwake, kwa hiyo ama Kitinda amekuwa mjinga, ama makosa mawili yenyewe ni fumbo: la kwanza kuacha ofisi ya bima, la pili kushika kamera. Akaona hilo linaingia. Likamuuma zaidi.

Kisha shetani akamletea la muuza vocha. Sitaki aione. Kwa nini asitake binti yake aone picha ya mzee amesimama barabarani, kama si kwa sababu ya yule wa kumshika kiwiko? Kitinda akaikuza picha kiooni. Muuza vocha hakuwemo, ila ncha ya mwavuli ilikuwemo. Mzee wa miaka ile, na tai zake, na nukta zake. Akacheka peke yake, halafu akaona haya kwa kucheka, halafu akakasirika kwa niaba ya mama. Lakini kama baba alikuwa anaficha mwanamke, ya nini kumkana mtoto? Si angemwambia tu "njoo tuzungumze pembeni"? Kila alipoifunga hesabu upande mmoja, upande wa pili ulifunguka.

Akampigia Mzee Lenzi.

"Mahali pa umma?" mkongwe akauliza.

"Barabarani kabisa, mwalimu."

"Umemdhalilisha? Umemwingilia nyumbani kwake?"

"Hapana. Amesimama tu. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga."

"Basi picha ni yako, itundike. Sheria iko upande wako hata akilia."

"Ni baba yangu."

"Hapo usiniulize mimi," Mzee Lenzi akasema. "Kamuulize mama yako."

Mama ndiye hasa ambaye hakuweza kumuuliza. Alipompigia, alizungukazunguka mbuyu weee, mwisho akasema, "Eti baba alitoka leo?"

"Alikwenda kunyoa," mama akajibu upesi. Upesi mno. "Nani kakwambia katoka?"

Jumapili Kitinda akaenda kwao, kama ilivyokuwa desturi, kula chakula cha mchana na ndugu. Njiani alikuwa amekata shauri: hatasema neno mpaka baba aanze. Kama amemkana, amkane tena mbele ya mama, tujue moja.

Akaingia sebuleni bila hodi. Kwa kawaida mama alikuwa na tabia ya kutangaza kila anayeingia, huyo kaka yako na suruali yake mpya, huyo Kitinda na koti lake la mgambo, hadi watoto walikuwa wakimtania kuwa angefaa kituo cha mabasi. Siku hiyo mama alikuwa jikoni. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio, ameelekea mlangoni. Akainua uso. Kitinda akasimama katikati ya mlango, mwanga wa nje mgongoni, anasubiri. Baba akamtazama, akasubiri naye kidogo, kisha akarudi kwenye redio yake.

Kitinda akapiga hatua moja ndani. Uamuzi wake wote ukayeyuka.

"Shikamoo, baba."

"Ee, marahaba, Kitinda wangu," mzee akasema, na uso wote ukafunguka. "Umeingia saa ngapi? Mbona unanyata kama paka? Njoo, njoo hapa."

Akamshika mkono, hakuuachia upesi. Akamuuliza habari za kazi. Hajawahi kumuuliza habari za kazi. Kitinda akajibu nzuri, nzuri, nzuri, kama saa mbovu, huku anamtazama usoni anatafuta kejeli imejificha wapi. Hakuiona.

Mezani ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Kaka Mkubwa, mtu mwenye ofisi, mwenye gari, mwenye maoni, alikuwepo na mkewe. Baba akamega, akatafuna, akasema, "Juzi nimekutana na kituko mjini. Nimepigwa picha na bubu."

Kijiko cha Kitinda kikasimama hewani.

"Binti wa watu, bubu kabisa, na kamera," baba akaendelea, na alisimulia kisa chote vizuri, na mlinzi, na kadi. "Nikamwambia ina makosa mawili."

"Yapi?" Kitinda akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kadi haikosi makosa mawili," baba akasema, wote wakacheka. "Lakini mtoto mwenye adabu. Alifuta mwenyewe."

Fumbo gani hili linaloendelea hadi kwenye mchuzi? Kitinda akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamia sahani yake, anachokoa kitu asichokiona.

"Angeshtakiwa huyo," Kaka Mkubwa akasema. "Sura ya mtu ni mali yake. Hebu sema wewe mwenye kazi, mnaruhusiwa kweli?"

"Mahali pa umma tunaruhusiwa," Kitinda akasema, kinywa kikavu. "Mtu akikataa tunamheshimu, lakini sheria haimlazimishi mpiga picha kufuta. Picha ni yake."

"Basi sheria hiyo wameitunga wapiga picha." Kaka akajipakulia tena. "Na wewe baba, mjini ulifuata nini peke yako? Umri huu mtu anatulia nyumbani. Mtazame mzee wa nyumba ya pili. Macho yalipoanza kumsumbua, wanawe wakamwambia basi, hakuna kutoka. Sasa katulia, hana wasiwasi."

"Katulia kama kabati," baba akasema.

Mama akainuka kwenda kuleta maji, na jagi lilikuwa mezani limejaa.

Baada ya chakula baba akamwomba Kitinda watoke barazani wapunge upepo. Akatangulia yeye, mkono unapita juu ya migongo ya viti, akakaa. Kitinda akakaa kando yake na mkoba wa kamera mapajani. Akajua sasa jambo lenyewe linakuja.

"Nina shida, mwanangu," baba akasema kwa sauti ya chini. "Yule bubu. Mlinzi alisema amefuta, lakini yule mlinzi, nadhani kamera kwake ni kama ndege. Wewe unawajua wenzako. Mtafute. Mwambie kwa upole, mzee anaomba ile picha isionekane popote."

Kitinda hakuelewa tena kitu. Mchezo ni mchezo, lakini mtu hawezi kumwomba mtu amtafute yeye mwenyewe, macho makavu, midomo inatetemeka. Maana midomo ya baba ilikuwa inatetemeka kweli. Akaona yatosha. Ikiwa anataka nikiri, nakiri. Maneno yalikataa kutoka, basi akaitoa kamera, akaiwasha, akaiweka picha ile kwenye kioo, akaiinua mbele ya uso wa baba yake. Hii hapa. Ni mimi. Niue.

"Si mtoto mbaya," baba alikuwa akisema. "Nilimhurumia. Mtu hana kauli, anahangaika na kazi yake..."

Kioo kilikuwa kinawaka mbele ya pua yake. Kitinda akakisogeza kulia. Akakisogeza kushoto. Baba akaendelea kumsifu bubu, anatazama mahali fulani juu ya bega la binti yake, na macho hayakufuata.

Kitinda akaishusha kamera taratibu sana. Akakumbuka mzee alivyosimama mbele ya kila picha ukutani, na tai yake. Akakumbuka kidole gumba kwenye karatasi. Aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Baba," akasema. "Tangu lini?"

Baba akaacha kumsifu bubu, akatega sikio. Nje ya ua gari likapita, likaisha.

"Tangu lini nini?"

"Hii hapa picha. Nimekuwekea mbele ya macho. Yule bubu ni mimi."

Mzee akanyoosha mkono, akaigusa kamera, akapapasa lenzi, kamba, halafu mkono wa koti la mifuko mingi.

"Katikati ya macho pamekufa," akasema mwisho. "Pembeni naona. Naona mtu, naona nguo, nyuso sizioni. Nakujueni kwa sauti na kwa mlio wa miguu. Ilianza kabla hujaacha ofisi. Picha zako hata moja sijaiona, Kitinda. Nilikuja, nikasimama, nikaogopa kusema neno nikakosea mbele za watu."

"Mama anajua?"

"Mama yako na yule dada wa vocha, basi. Yule hunivusha nikienda kunyoa. Siku ile alibanwa na wateja." Akavuta pumzi. "Kaka yako umemsikia. Akijua leo, kesho mlango unafungwa. Na kwa kaka yako ningeweza kujificha hata miaka kumi, yeye hutazama saa yake. Wewe ungeiona picha ile mara moja tu ukajua. Ndiyo maana nikasema usiione wewe."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na hawakumuuliza mgonjwa kwa nini anaficha. Kitinda akakitazama kioo. Mzee wa pichani ameinua kidevu, midomo imeachana, watu wote wameinamia simu. Alikuwa ameipenda sana midomo ile.

"Niifute?"

"Picha ni yako. Sheria umeisema mwenyewe mezani." Baba akatabasamu kidogo, tabasamu halikukaa. "Wala picha si kitu kilichoniuma."

"Nini kilichokuuma?"

"Nilisimama pale muda mrefu. Kila ninayemsikia pembeni namwuliza, 'Tunavuka?' Namwuliza huyu, namwuliza huyu. Hakuna anayejibu, wote wana simu. Nikasema labda leo nirudi." Akapapasa kamba ya kamera. "Kumbe mwanangu ulikuwepo. Ungesema neno moja tu. Ningekushika bega, tukavuka."

Kitinda akafungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema, samahani, na sikujua, na nilidhani, lakini hakuna lililotoka. Machozi yakamshuka bila sauti. Baba akangoja. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye kiti cha binti yake, pembeni kidogo, ukitega.

"Kitinda?" akasema mzee, na mkono wake ukaanza kupapasa hewani baina ya viti viwili. "Bado upo?"

"Nipo, baba," akasema. "Nipo hapa."